Alama mbili kwenye ua mmoja

Kibanda cha mama kilipigwa X nyekundu. Nyumba yake, iliyokuwa hatua nane tu nyuma ya kibanda, ikapigwa X ya kijani. Ni asubuhi ile ile, kijana yule yule, makopo mawili ya rangi. Mama alikuwa kwenye karai la maandazi. Kijana akakaribishwa chai, akanywa, akalipa na hela yake, ndipo akachovya brashi.

Jioni nikapigiwa simu.

"Mwanangu, kibandani wamepaka nyekundu, nyumbani wamepaka kijani. Kijani si ndiyo ruhusa? Kama zile taa zenu za Ubungo?"

Nikamwambia ndiyo mama, usiwe na wasiwasi. Sikuwa najua lolote. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, wala sikuwa nimewahi kusoma sheria yoyote zaidi ya ile ya kwenye leseni yangu ya biashara.

Mama anakaa Dumila, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Baba alijenga pale enzi mabasi yakisimama usiku abiria wale chai na mayai. Zamani hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda wa pembeni ambao ni mali ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande, ukianza kupima katikati ya lami. Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, upande mmoja ukawa mita 30. Mstari ukahama mita saba na nusu kuingia kwenye viwanja vya watu, na wao wamelala. Kibanda cha mama kilikuwa mita 18, ndani ya mstari wa zamani. Nyumba ilikuwa mita 26, nje ya mstari wa zamani, ndani ya mpya.

Hapo ndipo rangi zilipotofautiana. Watu wa barabarani wana msemo wao: kuna aliyeifuata barabara na kuna aliyefuatwa na barabara. Ukiifuata, unavunja kwa gharama zako. Ikikufuata, unalipwa fidia. Ndani ya ua mmoja wenye mwembe mmoja, mama alikuwa ameifuata barabara kwa kibanda, na barabara imemfuata kwa nyumba.

Kibanda kilibomolewa mwezi uliofuata. Mama akahamisha karai chini ya mwembe na biashara ikaendelea, japo mvua ikinyesha alikuwa anafunga. Nyekundu haikutusumbua sana kwa sababu iliisha siku moja. Kilichotutafuna ni kijani.

X ya kijani haina tarehe. Inakwambia utalipwa siku barabara itakapolihitaji eneo lako, na siku hiyo hakuna aijuaye. Mama alikuwa ameshanunua mabati thelathini ya kuezekea upya. Fundi akamuuliza, "Mama, unaezeka nyumba ya kubomolewa?" Mabati yakaegeshwa ukutani, kuku wakataga nyuma yake. Ukuta wa jikoni ukapasuka, tukauziba kwa udongo badala ya saruji. Chumba cha wapangaji alichokuwa anawaza hakikujengwa. Miaka saba. Baadaye, nilipoiona fomu ya uthamini yenye safu zake zote, niliitafuta safu ya miaka ya kuishi bila kupaka rangi. Haipo.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo kwa mamaye angekuwa mwangalifu na ya kwake. Mwaka 2012, mwaka mmoja tu baada ya X zile kupakwa, nilinunua kiwanja nje kidogo ya Mbezi, ishirini kwa ishirini, bila kutazama karatasi yoyote isipokuwa ile tuliyoiandika wenyewe.

Naomba nijitetee kidogo. Nilifanya kila kitu ambacho watu wa Dar es Salaam huona ni kukamilisha taratibu. Nilienda mara tatu, mara moja usiku kusikiliza mbwa na majirani. Niliuliza kama mzee anayeuza ana watoto wa mke mwingine. Majirani wa pande nne walisimama kwenye mipaka. Mjumbe alikuwepo. Tuliandikishana kwenye ofisi ya mtaa, mhuri ukapigwa, na ofisi ikachukua asilimia kumi ya bei, malipo ambayo mpaka leo sijaonyeshwa kifungu cha sheria kinachoyadai. Nilitoka pale najiona mwenye ardhi.

Maswali yangu yote yalimhusu mtu: ni mwenyewe kweli, ana ugomvi, ameuza mara mbili? Sikuuliza hata swali moja lililohusu mahali. Pale palipangiwa kuwa nini? Sikujua kuwa kuna swali kama hilo.

Nilijenga vyumba viwili na sebule, nikahamia. Mwaka 2017 urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, ukafika mtaani kwetu. Tukachangishana, kamati ikaundwa, wapimaji wakaja na mashine zao za miguu mitatu. Siku ya mkutano, kijana wa kampuni akatandaza mchoro mezani, akaweka mawe manne kwenye pembe usipeperuke. Kila mtu akainama kutafuta nyumba yake. Mimi yangu nikaipata kwa kuhesabu kutoka kwenye mbuyu. Ilikuwa imezungukwa na mstari mnene pamoja na nyumba nyingine kumi na tatu, na ndani ya mstari kuna maandishi: SHULE YA MSINGI.

"Hii imeandikwa lini?" nikauliza.

"Hii ya chini ni ya zamani, kaka. Sisi tumeikuta wizarani."

Mchoro wa mipango miji ulikuwepo miaka mingi kabla sijanunua. Ulikuwa kwenye kabati la ofisi ya serikali, unaweza kuuona kwa kuandika barua na kulipa ada ndogo. Nauli ya bodaboda niliyotumia kwenda kusikiliza mbwa usiku ingetosha kunifikisha.

Nilienda kwa yule mzee nikiwa nimefura. Nilimkuta anamenya mihogo barazani. Nikatoa shikamoo kwa shida, akaitikia marahaba, akanisukumia kigoda. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua.

"Walikuja na kamba na vigingi, baba. Wakasema hapa shule. Nikasema sawa, watoto wasome. Nikauliza, fidia? Wakasema itakuja. Vigingi vikaliwa na mchwa. Nimelima hapa tangu ujana wangu, nina wagonjwa, nina ada za wajukuu. Ningekula mchoro?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli sina mpaka leo. Kisheria alinificha jambo kubwa. Lakini na yeye alikuwa amefungwa na mstari wa kwenye karatasi kama mama alivyofungwa na rangi ya kijani. Kupanga ni kitu kimoja, kutwaa ni kingine. Mamlaka ya upangaji inaweza kuchora shule, soko, makaburi au uwanja wa mpira juu ya shamba lako, na kuanzia hapo matumizi yako yamebanwa. Ila mchoro peke yake haukutoi. Ili shule ijengwe ni lazima ardhi itwaliwe kwa utaratibu wake na fidia ilipwe. Kati ya kuchorwa na kulipwa kuna pengo, na wengi wetu tumejenga ndani ya pengo hilo. Dar es Salaam ilishapata mipango kabambe ya jiji zima, ukiwemo wa 1949, wa 1968 na wa 1979, na bado ukipanda ghorofa lolote Manzese utaona ni nani kati ya mchoro na wananchi aliyewahi kufika kwanza.

Wenzangu kumi na watatu walitaka tuende mahakamani. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu, akatuuliza swali moja tu: mnakwenda kudai nini, na kwa haki ipi? Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake; Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaanzia hapo. Tunachomiliki ni haki ya kutumia, na haki hiyo ina masharti. Mzee alituuzia alichokuwa nacho, nacho tayari kilikuwa na sharti la shule mgongoni. Mwalimu akashauri tuombe mchoro ufanyiwe marekebisho. Barua ikaenda mtaa, kata, ikafika kamati ya mipango miji ya halmashauri, ikarudishwa kwa kukosa muhtasari wa mkutano wa wananchi, ikaenda tena.

Wakati tunasubiri, jambo lililonisumbua lilikuwa ndani ya nyumba yangu. Binti yangu alikuwa darasa la tatu. Kila asubuhi alikuwa anavuka Barabara ya Morogoro kwenda shule, kwa sababu upande wetu hapakuwa na shule. Nilikuwa namshika mkono mpaka kituoni, narudi, nakaa sebuleni nasoma barua za kuomba shule iondolewe. Sebule yenyewe, kwa mujibu wa mchoro, ilikuwa darasa. Siku moja mke wangu alilisema kwa sauti, halafu hakuna aliyeendelea na chai.

Mwisho wa yote mchoro ulirekebishwa nusu. Shule ilisogezwa upande wa mashariki kwenye shamba ambalo halikuwa na nyumba, ikabaki ndogo kuliko ilivyokusudiwa, na nyumba tatu kati ya kumi na nne zikabaki ndani ya mstari. Yangu ilitoka. Wale watatu hawanisalimii kwa furaha, nami siwalaumu. Mbele ya kiwanja changu nilikatwa mita nne kwa ajili ya barabara ya mtaa, na hizo hazikulipwa. Kwenye urasimishaji mnakubaliana wenyewe kuachia njia. Kuna jirani aligoma kata kata, akasema hatoi hata sentimita. Mwaka jana nyumba yake ilishika moto na gari la zimamoto likaishia kwenye kona. Alinusurika na godoro na televisheni.

Nilipopata hati niliisoma yote, hata maandishi madogo. Matumizi: makazi. Mke wangu alikuwa ameshapanga fremu mbili mbele, moja ya saluni na moja ya kupangisha. Afisa ardhi akatwambia fremu ni biashara, tuombe kubadili matumizi kwanza, na pango la ardhi litapanda kwa sababu biashara hailipi sawa na makazi. Tuliomba. Pembeni yetu fremu kumi na moja zimejengwa bila kuomba kitu na zinafanya kazi, hilo nalisema ili nisionekane nasimulia nchi isiyokuwepo. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, inakatwa mtu anaponunua umeme wa luku, kwa hiyo kwenye nyumba nyingi anayeilipa ni mpangaji na anayedhani hailipi ni mwenye nyumba. Wapangaji wenye akili hukata hela hiyo kwenye kodi ya mwezi. Wengine hawajui.

Nirudi kwa mama, kwa sababu mwaka wa nane barabara ilimhitaji.

Safari hii walikuja watu wengi: mthamini, mpima, mtendaji wa kijiji, kijana wa kamera. Mimi niliomba ruhusa kazini nikaenda. Mama alivaa kitenge cha harusi ya dada yangu. Wakampa kibao chenye namba akishike kifuani, akapigwa picha mbele ya nyumba. Wakapima vyumba, wakaandika sakafu ya saruji, dari hakuna, madirisha ya mbao. Wakahesabu miti: mwembe mmoja mkubwa, mipapai minne, mgomba. Tukaambiwa kuanzia siku ile kitakachoongezwa hakihesabiwi.

Kwenye karatasi kulikuwa na safu ya ardhi, peke yake, mbali na nyumba. Mama akashangaa. "Hata udongo wanalipa?"

Zamani haukulipwa hivyo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilimpa Rais uwezo wa kutwaa ardhi yoyote kwa manufaa ya umma, na fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba ardhi tupu haina bei. Unalipwa ulichojenga na ulichopanda. Kilichobadilisha upepo ni kesi ya baba na mwanawe, wakulima wa Mbulu, iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 1994. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali kamili, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, ile inayodai "fidia inayostahili". Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi ikaandika kuwa fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Ile safu moja kwenye karatasi ya mama ilitokana na jasho la wale wawili, ambao mama hajawahi kuwasikia.

Kisha likaja swali ambalo ningelijua mapema ningemfunga mama mdomo kwa kitenge chake. Mtu anayehamishwa kwenye nyumba hulipwa posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama ile, mara miezi 36. Mthamini akauliza, kwa heshima kabisa, "Mama, nyumba kama hii hapa Dumila inapangishwa shilingi ngapi?"

Mama akacheka, akajifunika mdomo. "Hii? Nani atapanga hii, mwanangu? Imechakaa. Labda elfu ishirini."

Alikuwa anafanya adabu. Mgeni akiisifu nyumba yako unaikosoa, ndivyo alivyolelewa. Jirani yake wa kushoto, dereva wa malori, mwenye nyumba ya umri ule ule, alisema elfu arobaini bila kupepesa. Zidisha mara 36: mama 720,000, dereva 1,440,000. Mthamini ana wajibu wa kutafuta mwenyewe kodi ya soko na asitegemee kinywa cha mtu, nikamwambia hivyo pale pale. Alinitazama, akaandika kitu pembeni, na hesabu ilipotoka ilikuwa elfu thelathini. Sijui alikipata wapi kiwango hicho. Nadhani alitugawia katikati.

Posho ya usafiri huhesabiwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20. Mama alicheka tena. Vitu vyake vyote, pamoja na yale mabati thelathini yaliyoota kutu, visingefika tani mbili. Ile alipata kama wengine. Kwenye faida ya biashara hakupata kitu. Sheria inatoa faida ya miezi 36 kwa mwenye biashara, lakini faida hiyo lazima ionekane kwenye hesabu. Maandazi ya miaka thelathini yalikuwa kichwani kwa mama, na madeni ya wateja yalikuwa yameandikwa kwa mkaa mlangoni. Nikamwambia mthamini apige picha mlango. Akapiga, kwa kuniridhisha.

Malipo yalitakiwa kutoka ndani ya miezi sita, yakatoka mwezi wa kumi na moja tangu uthamini. Niliandika barua kudai riba ya ucheleweshaji, maana sheria inaitaja, na nikajifunza kuandika barua fupi yenye namba ya jalada juu kabisa, nakala kwa mtendaji, nakala yangu ikigongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Uthamini wenyewe huisha nguvu baada ya miaka miwili. Usipolipwa mpaka hapo, unatakiwa ufanywe upya. Majirani wengi walikuwa hawalijui hilo, nikawa nawaandikia barua bila malipo mpaka daftari likaisha. Riba ya mama ililipwa, ndogo, baada ya barua ya nne. Ya dereva wa malori sijasikia.

Siku hizi vijana wa ukoo wakitaka kiwanja wananipigia mimi kwanza, kana kwamba friji na ardhi ni fani moja. Mpwa wangu alinipeleka Goba kuona eneo zuri, bei ya chini, mteremko, upepo. Chini ya mteremko kulikuwa na korongo kavu lenye mchanga mweupe. Nikamuuliza dalali lile ni nini, akasema ni njia ya maji tu, mzee, wakati wa mvua. Ilikuwa Septemba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wakazi wengi wa bonde la Msimbazi walibomolewa kwa kifungu kama hicho, hati za mauziano zikiwa mikononi. Tukapima kwa hatua kutoka ukingoni. Kiwanja chote kilimalizika kabla hatujafika hamsini. Dalali akasema mbona wenzenu wanajenga. Kweli, walikuwa wanajenga.

Mama alipopata hela alinunua kiwanja ng'ambo ya pili ya Dumila, kwenye barabara ile ile. Nilimsihi aende ndani zaidi, hakutaka kusikia. Maandazi hayauziki shambani. Nilimtafutia mchoro, nikaenda na mpima, bikoni, zile alama za mpaka, zikaonekana, kila kitu kikawa sawa. Siku ya kuchimba msingi nilichelewa kufika. Nikamkuta fundi na vibarua wamekaa juu ya matofali, majembe chini, wanamsubiri yeye. Alikuwa amesimama katikati ya lami, kanga kiunoni, anasubiri lori lipite. Lilipopita akaanza kutembea kuelekea kiwanjani kwa hatua ndefu za kulazimisha, akihesabu kwa sauti. Thelathini ikafika mbele ya mkusanyiko wa mawe. Hakusimama. Thelathini na tano. Arobaini.

"Mama, mpima ameshaweka alama huku," fundi akamwita.

"Nimeziona. Hizi kumi ni za sheria ijayo." Akachomeka kijiti.